Debe Lililorudishwa

Ndugu zangu, leo nawaletea habari ya nyumba moja, na msiniulize ni ya kijiji gani. Mkianza kukitafuta kijiji, mtasahau kujitafuta wenyewe.

Kulikuwa na mkulima mmoja, mzee wa kanisa kama ninyi mlioketi hapo mbele. Alikuwa na mke, kijana mmoja mkubwa, na binti wa miaka tisa. Alikuwa mtu mwema. Hilo naomba mlishike, maana mbele ya safari mtataka kumchukia, na ukishamchukia mtu wa kwenye mfano, wewe unakuwa umeponyoka.

Kwao huko kuna desturi ya kufunga kihenge. Mnakijua kihenge, lile ghala la fito linalosukwa kama kikapu kikubwa na kukandikwa udongo na samadi. Siku ya kukijaza mahindi ukoo wote hukusanyika, mbuzi anachinjwa, mchungaji anaombea, kisha mdomo wa juu unazibwa kabisa. Siku ya kuanza kula, mwenye nyumba hutoboa tundu dogo kwa chini. Debe la kwanza linalomwagika hapo yeye halili. Linapelekwa kwa mjane anayeishi karibu naye kuliko wajane wote. Mjane akishalipokea, nyumba imebarikiwa, na watu wanaanza kula kwa amani. Desturi nzuri, siyo? Mimi naipenda mpaka leo.

Mwaka huo mvua haikujua kuondoka. Mahindi yalivunwa yana maji. Ukiuma punje, jino linazama. Mke wa mkulima akaiuma moja, akaitema kiganjani, akamwonyesha mumewe.

"Baba, tuahirishe. Yaanikwe hata wiki mbili."

"Nimeshaalika watu."

"Si tutawaeleza tu? Ni mvua, kila mtu ameiona."

"Mzee wa kanisa mzima nizunguke kijiji kuwaambia watu wasije? Na mchungaji ameshajipangia siku."

Basi kihenge kikafungwa. Mchungaji akaombea. Ndiyo, mchungaji, msinitazame hivyo. Sisi tukishaonyeshwa paja la mbuzi hatuna muda wa kuuma punje.

Wiki chache baadaye, siku ya mawingu na baridi, mke yule alikuwa anafagia uani. Akauegemeza mkono kwenye ukuta wa kihenge ili ainame. Akautoa haraka. Ukuta ulikuwa na joto, kama ubavu wa ng'ombe. Akaweka sikio. Hakusikia kitu, ila aliona kama mle ndani kuna kitu kizima kinachopumua polepole na hakitaki kusikika. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angesema nini?

Siku ya kutoboa ikafika. Mahindi hayakumwagika, yalitoka yameshikana mabonge, na vumbi lake lilikuwa la kijani. Yalinuka mkeka wa zamani. Mke akasema, "Baba, haya tuyatazame kwanza." Mkulima akajibu kwamba debe la kwanza ni la mjane, halianzi kukaguliwa na watu wa nyumbani. Likapelekwa hivyo hivyo, limefunikwa kwa kitambaa cheupe.

Mjane aliyekuwa karibu alikuwa bibi mmoja ng'ambo ya korongo, anaishi peke yake na kuku sita. Kanisani alikuja kwa nadra, na ulimi wake ulikuwa mkali. Akina mama hawakupenda kukutana naye kisimani. Bibi akalipokea debe, akashukuru, akawarushia kuku viganja viwili. Kesho yake tena viwili, na keshokutwa. Baada ya siku kadhaa akawakuta wote sita wamelala chini ya ukuta, mstari mmoja, shingo zimeelekea upande mmoja. Akampasua mmoja aone ameuawa na nini. Ini la kuku mnalijua rangi yake. La huyu lilikuwa la njano, na alipoligusa kwa kidole likameguka kama kiporo cha ugali.

Basi Jumapili, watu wametoka ibadani na wamejaa uani kwa mkulima, bibi akaonekana anapanda kutoka korongoni na debe kichwani. Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Tangu babu wa babu zao, hakuna mjane aliyewahi kurudisha debe la kwanza. Akalitua mlangoni.

"Mwanangu," akamwambia mkulima, "mahindi haya yana sumu. Kuku wangu wameisha. Nimempasua mmoja, ini limeoza akiwa bado ana joto. Msiyale."

"Bibi, unanirudishia baraka mlangoni kwangu, mbele za watu?"

"Nimerudisha mahindi."

"Mahindi haya yameombewa."

"Na kuku wamekufa," bibi akasema.

Ndugu zangu, hebu jiwekeni pale. Uani pamejaa watu. Kila mtu anakutazama wewe, halafu analitazama debe. Ungefanya nini? Mkulima akamwita mkewe, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Lipike. Hili hili." Bibi akageuka, akashuka korongoni mikono mitupu, na hakuna aliyemkaribisha hata maji.

Mama yule aliyaosha mahindi kwa maji saba. Akayatwanga, akayapepeta, akayapika makande na maharage kutwa nzima, akijiambia moto unaua kila kitu. Hapana, mama. Sumu ya kuvu haifi kwa moto. Wakala pale uani, majirani wakiwaangalia. Mkulima akaongezewa sahani ya pili kwa makusudi.

Na unajua kilichotokea? Hakuna kilichotokea. Hapo ndipo mimi huogopa. Kesho yake wakaamka wazima, wakala tena, na wiki nzima wakala, mkulima akitembea kifua mbele na kuwauliza watu, "Iko wapi hiyo sumu?"

Hebu weka mkono wako hapa, chini ya mbavu za kulia. Wote, na wewe mzee, usione aibu. Usibonyeze, hutasikia kitu. Yuko mtumishi anakaa hapo. Chakula chote unachomeza, damu inayokibeba inapita kwake kwanza kabla ya kwenda kwingine. Anakipokea, anakichambua. Sukari anaiweka akiba, ili ukifunga kula asikuache uanguke. Anatengeneza nyongo. Anatengeneza vitu vya kuigandisha damu ukijikata. Na uchafu wote, na sumu zote, anazishika kwa mikono yake mwenyewe, anazivunjavunja, anazitoa nje. Wewe umelala, yeye anachambua. Na huyu mtumishi hana sauti. Jino bovu litakuamsha, tumbo litakukunja, lakini ini ndani yake halina mishipa ya maumivu. Linaweza kuharibika nusu nzima na wewe ukaendelea kuimba kwaya.

Ndiyo maana hakuna kilichotokea. Mle ndani ya kila mmoja wao, ini lilikuwa linazimeza zile sumu na kunyamaza.

Wa kwanza alikuwa mbwa, aliyekuwa anaramba sufuria. Akavimba tumbo, akafa. Wakasema nyoka.

Kisha kijana. Kijana mwenye nguvu, aliyebeba magunia siku ya kihenge. Alianza kwa kuchukia chakula. Siku moja mama yake akamwita atoke nje, akamtazama usoni mchana kweupe, akaona weupe wote wa macho yake umeondoka. Umekuwa rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Baada ya hapo mambo yakaenda upesi. Pumzi yake ikawa na harufu tamu, tamu ya kuchefua, na nyumba nzima ikanukia hivyo. Mchana alilala, akiamka alicheka na watu wasioonekana. Alipoinua mikono mbele, viganja vilianguka vyenyewe na kuinuka, kuanguka na kuinuka, kama mtu anayempungia mkono mtu aliye mbali. Mama akamuuliza, "Unampungia nani, mwanangu?" Akamtazama mama yake mzazi, akasema, "Shikamoo, mama. Hapa ni kwa nani?"

Huo ndio uchungu wa ini likishindwa. Uchafu uliokuwa unachujwa unapanda kichwani, na mtu anapotea akiwa amelala kitandani kwake. Siku ya sita kijana akafa, anatoka damu kwenye fizi.

Na msiba ni watu, na watu wanakula. Waombolezaji wale walilishwa nini, ndugu zangu? Msinijibu. Mnajua kihenge kilikuwa wapi.

Hawajamaliza matanga, binti akatapika. Baba yake akampeleka mlangoni penye mwanga, akamfunua jicho kwa kidole gumba. Njano. Akamuuliza, "Unaitwa nani, mama?" na mtoto akataja jina la kaka yake. Kwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara nako kukawa na mwenye macho ya njano.

Sasa kila mtu alijua cha kufanya. Nani alirudisha baraka? Nani alisema kutakuwa na vifo kabla ya vifo? Baba mdogo wa watoto na wanaume kumi wakashuka korongoni, wakamleta bibi saa sita mchana, jua la utosi. Binti alikuwa amelazwa kwenye mkeka uani. Kando yake, juu ya mafiga, sufuria la makande ya waombolezaji lilikuwa linatokota.

"Mfungue mtoto," baba mdogo akasema.

Bibi alimwangalia mtoto muda mrefu, tumbo lililojaa maji, viganja vinavyopunga. Akaliangalia sufuria. Akamtafuta mkulima kwa macho, akamwambia kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, "Mwanangu, nilikuja. Nikakwambia ni mahindi. Hata sasa nakwambia. Mwaga sufuria hilo."

"Ukweli, bibi!" wakapiga kelele. "Tunataka ukweli!"

Ndugu zangu, walikuwa wameshaambiwa ukweli mara mbili.

Bibi akavuta pumzi. Akavua kitambaa kichwani, nywele nyeupe zikasimama. Akanyoosha mkono kuelekea kihenge, na sauti iliyomtoka ikawafanya wanaume kumi warudi nyuma. "Haya. Ni mimi. Nimeyaroga mahindi yote, punje kwa punje, mpaka yale ya chini kabisa. Atakayeyala namchukua. Kuku atakayedonoa namchukua. Na mtoto huyu dawa yake mimi sina. Mfikisheni hospitali ya wilaya leo leo. Jua likizama hamjafika, ni wangu."

Mliwahi kuona watu wakitii? Sufuria lilipigwa teke kabla hajafunga mdomo. Kihenge kilichomwa na mahindi yake ndani, na hakuna aliyeokota hata punje. Nyumba zote zilizokula msibani zilimwaga walichochukua. Binti akafungwa mgongoni kwa mama yake kwa khanga mbili, bodaboda ikaondoka inaruka mabonde. Neno moja la uongo lilifanya kwa dakika kumi kazi ambayo ukweli ulishindwa kuifanya kwa wiki tano.

Na bibi? Waliezua nyumba yake siku ile ile. Walimpa muda wa kuchukua khanga moja na kibuyu. Akaondoka kwa barabara ya mashariki, na watoto wakamfuata mpaka kwenye mpaka wa kijiji wakimrushia mawe.

Hospitalini daktari, dada mmoja kijana, akamtundikia binti maji ya dripu, akampima, na asubuhi akamwita kando baba, aliyefuata kwa bodaboda nyingine.

"Mlikuwa mnakula nini nyumbani?"

"Mahindi yetu wenyewe."

"Yalikuwa na ukungu?"

Mkulima akautazama mlango.

"Mmeacha lini kuyala?"

"Jana."

"Nani aliwaambia muache?"

Mkulima akatazama sakafu. "Mchawi," akasema.

Daktari alidhani hajasikia vizuri. Akauliza tena, naye akamweleza yote, debe, kuku, msiba, kihenge kilichochomwa. Dada yule akakaa kitini. "Baba," akasema, "mahindi yenu yalifungiwa na maji, yakaota kuvu, na kuvu ikatoa sumu. Hakuna aliyeyaroga. Huyo mnayemwita mchawi aliona ini la kuku akaelewa. Mngeendelea wiki moja nyingine, mngekuwa mnazikana kijiji kizima. Amewaokoa. Mmemlipa nini?"

Kwenye benchi la nje mkewe alikuwa amekaa na zile khanga mbili mapajani, na mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amesikia kila kitu.

Binti alipona. Mungu ameliumba ini kwa namna ya ajabu: hata likiharibika sehemu kubwa, kikibaki kipande kizima na sumu ikakoma kuingia, linamea. Ndani ya miezi kadhaa macho yalirudi meupe, tumbo likashuka, jina lake mwenyewe likarudi mdomoni.

Wakarudi kijijini kwa vigelegele. Watu wakawazunguka, wakauliza, "Daktari kasema nini?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Hapa ndipo nimewaleta, yote ya nyuma yalikuwa njia tu. Mkulima alifungua mdomo. Kusema kwamba bibi hakuroga ni kusema kwamba mimi niliambiwa. Ni kusema kwamba mwanangu nilimlisha mimi, sahani kwa sahani, kwa kuwaogopa watu waliosimama uani. Akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama yeye, anangoja. Mkulima akasema, "Kasema tumshukuru Mungu." Na kijiji kizima kikaitikia, "Amina."

Habari za bibi zilikuja kwa vipande. Kule alikohamia sifa zilikuwa zimemtangulia. Hakuna aliyemtekea maji. Alifariki mvua zilizofuata, akazikwa na watu wa serikali.

Na binti? Amekua, ni msichana mzuri, anaimba soprano. Njia ya kisimani inapita kwenye ukuta uliobaki wa nyumba ile ya korongoni. Watoto wote wa kijiji wakifika hapo hutema mate upande wa ukuta, ndivyo walivyofundishwa na wakubwa. Na yeye anatema. Kila asubuhi, ndoo kichwani, anamtemea mate mwanamke ambaye kwa sababu yake yeye yuko hai. Baba yake anamwona kutoka shambani. Jumapili anavaa koti, anakuja, anakaa kiti cha mbele.

Ndugu zangu, mnanijua, mnafikiri sasa nakwenda msalabani, kwa yule aliyebeba hatia isiyo yake. Ningeweza kwenda. Lakini nimegundua nikiwafikisha msalabani upesi, mnapumua, mnaangalia saa, mnawaza chakula cha mchana. Leo mtabaki kidogo uani kwa mkulima.

Sisi ni watu wa kumeza. Tunameza mambo yenye ukungu, kidogo kidogo, kwa sababu jana tulimeza na hakuna kilichotokea. Hasira ndani ya ndoa, tunameza. Gongo na vidonge vya kununua dirishani, tunameza. Uongo tulioufunga kwa sherehe na maombi, tunameza na kuongezewa sahani ya pili. Na mle ndani yupo anayetuchujia, naye halii. Mungu aliumba ini bila sauti. Sauti akampa jirani.

Akampa mke anayeuma punje na kusema tuahirishe. Akampa mtoto anayeuliza kwa nini baba ananuka hivi. Akampa bibi mwenye ulimi mkali asiyekuja kanisani. Nasi tunafanyaje? Tunamwambia ametudharau mbele za watu. Tunamlazimisha mtu mkweli avae uchawi ndipo tumsikilize, kisha tunamfukuza kwa nguo ile ile tuliyomvisha wenyewe.

Na tukishapona, tunashukuru. Ah, kushukuru tunajua! Tunashukuru kwa sauti kubwa ili tusisikie jina la mtu fulani.

Nilitaka tuombe sasa, lakini hapana. Kila mmoja wetu hapa anaye mtu aliyekuja mlangoni kwake, akasema kweli, akaondoka na jina baya. Unamjua. Umeshamkumbuka wakati nazungumza, nimeziona nyuso zenu. Usimwombee. Wengi wetu tumezoea kumwombea mtu ili tusimwendee. Toka, umwendee, na ulitaje jina lake pale pale ulipolichafua, watu wale wale wakiwepo. Kama ameshafariki, kawaambie watoto wako, wao waache kutema mate.

Milango iko wazi. Kwaya haitaimba.